Fundi wa Matandiko, Mwenzi wa Askari

Askari anapojitayarisha kwa gwaride hukagua silaha yake, huvipiga viatu rangi na kuvisugua vifungo vya shaba mpaka ving'ae. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoupindua mkanda wao na kuutazama upande wa ndani, mahali ulipo mshono. Mshono hauna fahari. Haupigiwi saluti wala hauonekani na mkaguzi aliyesimama hatua tatu mbele ya safu. Hata hivyo, siku uzi wake ukatikapo, kifuko cha bastola huanguka njiani, buti hufunua mdomo katikati ya safari ya miguu, na mkanda wa bunduki humwacha mwenyewe akishika silaha mikononi kutwa nzima.

Kwa sababu hiyo tumeona vema leo kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za mafundi wa ngozi, na hasa wale ambao kwa karne nyingi walishona vifaa vya majeshi, yaani watengenezaji wa matandiko ya farasi. Hapa kwetu farasi ni wachache, na wengi wetu hatujapata kumpanda hata mmoja. Pamoja na hayo, namna ya kukata, kushona na kutunza ngozi ambayo fundi wa matandiko aliifuata ndiyo inayofaa kwa mkanda na kifuko alivyovaa msomaji wetu.

Mji ulioishi kwa ngozi

Katikati ya nchi ya Uingereza, kaskazini-magharibi mwa Birmingham, upo mji uitwao Walsall. Hapo kale wenyeji wake walijulikana kwa kazi ya chuma: walifua lijamu za kutiwa farasi mdomoni, vikuku vya kukanyagia na bizimu za kufungia kanda. Katika karne ya 19 kazi ya ngozi nayo ilistawi kando ya ile ya chuma, na Walsall ukawa mmoja wa miji iliyotajika duniani kwa matandiko. Hata klabu ya mpira ya mji huo huitwa kwa lakabu ya Watengeneza Matandiko.

Wateja wake walikuwa wakulima, waendesha magari ya farasi, matajiri waliopenda kuwinda, na majeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, karakana za Walsall zilipokea maagizo makubwa ya vifaa vya kijeshi. Wanawake walikuwa sehemu kubwa ya washonaji, na mikono yao ilishona hatamu na kanda ambazo zilikwenda kutumika katika nchi ambazo wao wenyewe hawakuziona kamwe. Vita vilipokwisha, motokaa ilichukua nafasi ya farasi, na karakana nyingi zikageukia mikoba na pochi. Mwaka 1988 lilifunguliwa mjini humo jumba la makumbusho ya ngozi ndani ya jengo lililokuwa kiwanda. Mafundi wa matandiko hawajatoweka Walsall mpaka leo, ingawa idadi yao haifikii ile ya zamani.

Vyombo vya kazi

Aingiaye katika karakana ya namna hiyo kwanza hukutana na harufu ya ngozi na nta. Karibu na dirisha, penye mwanga, kuna meza nzito, na ukutani au mezani vimepangwa vyombo ambavyo kila fundi huvijua kwa mkono hata akifumba macho.

Cha kwanza ni kisu chenye makali ya umbo la nusu mwezi. Fundi hakivuti kama mpishi akatavyo nyama, bali hukisukuma mbele na kukiyumbisha kidogo, ukingo mmoja ukikata pembe na mwingine ukifuata mstari mrefu. Chombo hiki ni cha kale mno. Katika kaburi la waziri Rekhmire, huko Thebes nchini Misri, mna picha za karne ya 15 kabla ya Kristo zinazowaonyesha mafundi wa ngozi wakitumia kisu cha umbo hilo. Fundi wa leo angeketi karibu na wale wa Farao na kuifahamu kazi yao bila mkalimani.

Kipo pia chuma chenye meno kama kitana. Fundi hukiweka juu ya ngozi na kukipiga kwa nyundo ya mti, kikaacha safu ya alama zilizolingana, aghalabu nane au zaidi katika kila inchi moja. Kazi ya meno hayo ni kuonyesha tu mahali pa kushona, hayatoboi. Kutoboa ni kazi ya msharasi, ambao wembe wake ni mwembamba wenye pembe nne, ili tundu lijifunge lenyewe baada ya uzi kupita.

Wasomaji wetu wanaufahamu msharasi wa fundi viatu aketiye chini ya mwembe karibu na lango la kambi. Ule una ndoano nchani, na uzi huvutwa nayo kutoka upande wa pili. Msharasi wa fundi wa matandiko hauna ndoano. Yeye hubana kazi yake katika kibano kirefu cha mbao mbili zilizopinda, anachokishika katikati ya mapaja, ili mikono yote miwili iwe huru. Uhuru huo wa mikono una maana kubwa, kama tutakavyoona.

Sindano mbili, uzi mmoja

Mwanafunzi aingiapo karakana hapewi ngozi ya kukata. Hufundishwa kwanza kutengeneza uzi: kuchukua nyuzi za kitani, kuzisokota pamoja pajani, kuchonga ncha zake ziwe nyembamba, na kuzipitisha katika donge la nta ya nyuki mpaka zishikamane. Nta huulinda uzi na maji, na hunata ndani ya tundu la ngozi. Asiyejua kutengeneza uzi mzuri hawezi kuaminiwa kushona.

Kisha hutia sindano katika kila ncha ya uzi huo mmoja. Msharasi hutoboa tundu. Sindano ya kushoto hupita, na ya kulia hufuata katika tundu lile lile kwa kuelekea upande wa pili. Fundi huvuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa, mshono ukakaza. Hivyo hufanya tena na tena, tundu kwa tundu, saa baada ya saa.

Faida yake ni hii. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazokamatana katikati ya ngozi, mmoja juu na mmoja chini. Ule wa juu ukisagika ukakatika, wa chini hauna cha kuushika, na mshono huweza kufumuka kwa urefu. Katika mshono wa mkono, kila tundu limepitiwa mara mbili. Upande mmoja ukikatika, upande wa pili bado umeshika, na nta imezigandamanisha nyuzi mahali pake. Mwenye kanda hupata muda wa kuiona hitilafu na kuitengeneza.

Hatusemi kwamba cherehani ni adui. Mikanda na vifuko vingi vya leo vimeshonwa kwa mashine, navyo vinafaa. Lakini mtengeneza tandiko mzuri hujua mahali ambapo uhai wa mtu umening'inia, kama vile kanda zinazoufunga mshipi wa tumboni mwa farasi, na hapo hushona kwa mkono. Ukanda huo ukitoka, tandiko huzunguka na mpandaji huanguka chini ya kwato.

Mgongo wa farasi na hatima ya vita

Chini ya ngozi ya tandiko umo mti, yaani kiunzi cha mbao kilichoimarishwa kwa chuma. Chini ya kiunzi kuna mito miwili iliyojazwa sufu ya kondoo, na katikati yake umeachwa mfereji. Uzito wa mpandaji hutakiwa kukaa juu ya misuli ya pande mbili, wala usiuguse uti wa mgongo. Fundi huisukuma sufu ndani kwa chuma kirefu, akipapasa kwa kiganja kutafuta uvimbe. Donge dogo la sufu, ambalo jicho halilioni, laweza kumtoboa farasi kidonda katika mwendo wa siku moja.

Farasi mwenye kidonda mgongoni hapandwi, na mpanda farasi asiye na farasi ni askari wa miguu aliyechelewa. Katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza farasi zaidi ya 300,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo. Wengi walikufa kwa uchovu, njaa, maradhi na matunzo mabaya, wakibeba mpandaji, silaha na vifaa vya uzito wa karibu kilo 130. Mwaka 1905 ilisimamishwa sanamu ya ukumbusho wa farasi hao katika mji wa Port Elizabeth, ambao siku hizi huitwa Gqeberha.

Maarifa hayo yaliyonunuliwa kwa gharama kubwa yalibadilisha tandiko lenyewe. Lile lililotolewa mwaka 1912 lilikuwa na mbao za ubavuni zilizoweza kucheza kidogo, ili zifuate mwili wa farasi anayekonda vitani. Kila kikosi cha wapanda farasi kilikuwa na askari wake mafundi, na sajini fundi wa matandiko alikuwa mtu wa heshima. Hata leo kikosi cha wapanda farasi wa ikulu ya Uingereza mjini London kina karakana yake ya askari mafundi.

Katika Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 mambo yalikuwa mengine. Mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu katika majuma machache, na hakuna tandiko, hata likishonwa vipi, liwezalo kumzuia mbung'o. Mzigo ukahamia vichwani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, na jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Magome kutoka kwetu

Ngozi mbichi huoza. Ili iwe ngozi ya kazi, sharti ilainishwe na kudumishwa kwa dawa, na kwa matandiko dawa ya zamani ni magome ya miti. Katika mji wa Colyton, kusini-magharibi mwa Uingereza, kiwanda kimoja bado hutumia magome ya mwaloni, na ngozi hukaa katika kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima.

Nchi zetu nazo zina mkono wake katika jambo hili. Magome ya mikoko ya Lamu na Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi ya ngozi, na miwati iliyopandwa katika nyanda za juu za Kenya na huko Njombe, Tanzania, hutoa dawa ile ile. Huenda tandiko lililoshonwa Ulaya lililainishwa kwa gome lililobanduliwa na mkono wa Mwafrika.

Wajibu wa askari

Fundi akiisha kutimiza wake, ubaki wajibu wa mtumiaji. Jasho lina chumvi, na chumvi hukausha ngozi na kuozesha uzi. Basi kifaa cha ngozi kifutwe vumbi na jasho kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kisha kipakwe mafuta ya ngozi kidogo tu, kwani yakizidi huilegeza. Kikilowa, kikaushwe kivulini penye hewa. Askari anayekausha buti kando ya moto huzipasua kwa mikono yake mwenyewe, ingawa nyufa huonekana baada ya siku nyingi. Wakati wa masika ukungu ufutwe mapema kabla haujazama.

Zaidi ya yote, akague mahali pawili: pale mkanda unapokunjwa na bizimu, na mshono ulio karibu nayo. Hapo ndipo ngozi huchoka kwanza. Aonapo uzi mmoja umekatika, asingoje wa pili. Ampelekee fundi siku hiyo hiyo, kwa kuwa wahenga walikwisha tuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi twaongeza neno moja. Fundi viatu wa pale langoni, ambaye wengi hupita bila kumwamkia, ni ndugu wa kazi wa wale waliowashonea wapanda farasi. Tumpe kazi, tumlipe haki yake, na akitaka kumfundisha kijana msharasi na nta, tusimkatishe tamaa.