BUDDY HOLLY NA WAYLON JENNINGS: MKUBWA ANAPOMFUNGULIA MDOGO MLANGO



Kila mtu mwenye kujua gitare aliangalia kwanza vidole vya mwingine. Hakuna aliyezaliwa na akori kichwani. Lakini kuna kuangalia na kuangalia. Kuna kumsikia mpiga gitare mkubwa ku redio, yeye iko mbali kabisa, hata hajui kama wewe uko. Tena kuna kumwona mtu wa mji wenu mwenyewe, mwenye kununua mkate ku duka lile lile, anafanya jambo ambalo watu walisema haliwezekani kwa mtoto wa kwenu. Hii ya pili inaingia ndani zaidi.

Leo ninapenda kueleza habari ya vijana wawili wa Texas, inchi ya Marekani. Mmoja alipiga muziki wa rock kwa muda mfupi sana, akafa na miaka 22. Mwingine aliishi, akawa mkubwa katika muziki wa country, ndiyo ule muziki wa watu wa mashamba wa kule. Swali letu ni hili: mkubwa alimpa mdogo kitu gani?

1. MTOTO WA LUBBOCK

Lubbock ni mji wa magharibi ya Texas. Inchi ni tambarare, mashamba ya pamba ni mingi, na upepo haukosi. Pale, tarehe 7 mwezi wa 9, 1936, alizaliwa Charles Hardin Holley, mtoto wa mwisho kati ya watoto 4. Nyumbani walimwita Buddy. Jamaa yake walikuwa Wabatisti, waliabudu ku kanisa la Tabernacle Baptist. Herufi «e» ya jina lake ilipotea mwaka 1956: ku karatasi ya kontra waliandika vibaya «Holly», naye akaacha hivyo.

Alianza na piano. Kisha kaka yake Travis akamwonyesha gitare. Kaka mwingine, Larry, alimkopesha feza akanunue gitare ya umeme. Basi angalieni: hata huyu mkubwa tunayemtaja alikuwa na wakubwa wake. Hakuna mti wenye kusimama bila mizizi.

Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alikuwa na programu ku redio KDAV ya Lubbock pamoja na rafiki yake. Walipiga country. Mwaka 1955 Elvis Presley alifika Lubbock kupiga muziki, na Buddy akapiga ku programu ile ile. Tangu pale akageukia rock.

Mwaka 1956 alienda Nashville kurekodi na kampuni kubwa, Decca. Haikufaulu. Wengine walimchagulia namna ya kupiga, na nyimbo hazikuuzwa. Hakulia. Mwezi wa 2, 1957, alienda na wenzake ku studio ndogo ya Norman Petty mu mji wa Clovis, jimbo la New Mexico, safari ya gari tu kutoka Lubbock. Huko walirekodi tena wimbo mmoja uliokataliwa, «That'll Be the Day». Mwezi wa 9 wa mwaka ule ule ulikuwa wa kwanza kwa mauzo katika Marekani yote.

Kundi lake liliitwa The Crickets, maana yake nyenje. Walikuwa na gitare mbili za umeme, besi, na ngoma, na nyimbo mingi walitunga wao wenyewe. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule mwimbaji alipewa wimbo na mtungaji, na wapigaji walichaguliwa na kampuni. Huko Uingereza vijana wa Liverpool walisikia disiki hizo wakashika njia ile ile: The Beatles walitafuta jina la mdudu kwa kufuata The Crickets. Tena Buddy alivaa miwani minene, nyeusi. Vijana wengi wenye miwani walifurahi kuona hata mtu wa miwani anaweza kusimama mbele ya watu na gitare.

2. MTOTO WA LITTLEFIELD

Littlefield iko karibu kilomita 60 kutoka Lubbock. Waylon Jennings alizaliwa huko tarehe 15 mwezi wa 6, 1937. Mtasema: kumbe walipitana miezi 9 tu! Ni kweli. Lakini katika muziki ukubwa hauhesabiwi kwa miaka ya kuzaliwa. Mkubwa ni yule aliyetangulia kuvuka mto.

Jina lake liliandikwa kwanza Wayland. Siku moja mhubiri wa Kibatisti alimpongeza mama yake kwa kumpa mtoto jina la chuo cha Wabatisti cha Plainview. Mama hakujua habari ya chuo hicho, naye alikuwa wa kanisa lingine. Akabadilisha herufi, ikawa Waylon. Basi hata kule Wakristo wa makanisa mbalimbali wanachungana!

Jamaa yao walikuwa maskini, walivuna pamba. Mama njo alimufundisha gitare akiwa na miaka 8. Akiwa na miaka 16 aliacha masomo. Akafanya kazi huku na huku, na kazi aliyopenda zaidi ilikuwa ya kutangaza ku redio. Mwaka 1958 alikuwa mtangazaji wa KLLL mu Lubbock. Yeye na Buddy walikuwa wanajuana tangu zamani, sababu wapigaji wote wa upande ule walikutana ku redio. Buddy aliporudi nyumbani kutoka safari zake alipita KLLL kuongea na watangazaji.

3. KITU GANI ALIMPA?

Watu mingi wanafikiri mkubwa anamsaidia mdogo kwa kuonekana tu: mdogo anamwangalia, anamfuata. Lakini Buddy alifanya zaidi. Tuhesabu mambo matatu.

Jambo la kwanza: alimpeleka ku studio. Mwezi wa 9, 1958, Buddy alimpeleka Waylon kule Clovis kurekodi disiki yake ya kwanza. Buddy ndiye alisimamia kazi, akapiga gitare, na King Curtis, mpiga saksofoni mwenye jina, akapuliza. Wimbo waliochagua ni «Jole Blon», wimbo wa Louisiana, wa watu wa kule wenye kusema Kifaransa cha zamani. Sasa sisi wenye kusoma Kifaransa kila siku tutacheka: wala Buddy wala Waylon hakujua neno moja! Walisikiliza disiki ya mwingine mara mingi, wakakamata sauti tu, Waylon akaimba vile masikio yalimwambia. Disiki haikuuzwa sana. Lakini mtu aliyerekodi mara moja hawezi tena kusema «kurekodi ni kwa wengine».

Jambo la pili: alimpa kazi kubwa kupita nguvu zake. Mwisho wa 1958 Buddy alikuwa ameoa Maria Elena Santiago, wanaishi New York. Alikuwa ameachana na meneja wake na na The Crickets, na feza yake mingi ilikuwa haijamfikia. Ilimpasa kukubali safari ya muziki ya wakati wa baridi. Akamwomba Waylon apige besi. Gitare ya besi iko na nyuzi 4, sauti yake ni ya chini. Hiyo njo inabeba wimbo sawa vile msingi unabeba nyumba. Waylon alikuwa hajaipiga hata siku moja. Alipewa majuma mawili hivi. Akashika nyimbo zote za Buddy kichwani, moja moja, akaenda. Mtu anapokupa kazi ambayo bado huwezi, amekuambia kwamba ataona ukiiweza.

Jambo la tatu: alimpa wazo. Buddy alimfundisha kwamba muziki wako usiuache mikononi ya watu wenye kukuambia «fanya hivi, usifanye vile». Aliyajua hayo kwa sababu ya Nashville. Baadaye Waylon alisema mara mingi kwamba Buddy alikuwa wa kwanza kuamini muziki wake.

4. USIKU WA CLEAR LAKE

Safari ilianza mu Milwaukee tarehe 23 mwezi wa 1, 1959. Ilikuwa mipango mibaya. Karibu kila siku mji mwingine, mamia ya kilomita, katika theluji, ndani ya mabisi ya zamani ambayo mashini ya kutia joto iliharibika. Mpiga ngoma Carl Bunch miguu yake iliumizwa na baridi, akabaki hospitali.

Tarehe 2 mwezi wa 2 walipiga mu Clear Lake, jimbo la Iowa. Buddy alichoka, alitaka kulala kidogo na kufua nguo. Akakodi ndege ndogo ya kumpeleka Fargo yeye na wapigaji wake wawili, dola 36 kila mtu. Ndege ilikuwa na nafasi ya abiria 3 tu. J. P. Richardson, mwimbaji aliyeitwa The Big Bopper, alikuwa na mafua makali. Waylon akamhurumia, akamwachia nafasi yake. Mpiga gitare Tommy Allsup na kijana Ritchie Valens walirusha feza ya chuma hewani, na Valens akashinda nafasi.

Buddy alipojua Waylon haendi naye, alimtania: bisi yenu iwagandishe huko njiani. Waylon akajibu kwa kucheka: basi ndege yenu ianguke.

Ndege iliondoka karibu saa saba ya usiku, tarehe 3. Ilianguka katika shamba baada ya dakika chache. Wote 4 walikufa: Buddy Holly, miaka 22, Ritchie Valens, miaka 17, Richardson, miaka 28, na rubani Roger Peterson, miaka 21. Uchunguzi wa serikali ulieleza sababu: hali ya hewa ilikuwa mbaya, rubani hakuambiwa yote juu ya hali hiyo, tena hakuwa na cheti cha kuendesha kwa kuangalia vyombo tu, bila kuona nje. Ndiyo sababu ya ajali. Maneno ya utani hayaangushi ndege.

Lakini nenda kamwambie hivyo kijana wa miaka 21! Waylon alieleza baadaye kwamba miaka mingi alijisikia kama yeye ndiye aliyeiangusha. Tena hawakumwacha alie: jioni ile ile iliwapasa kupiga mu Moorhead, na safari ikaendelea. Buddy alizikwa Lubbock tarehe 7, Waylon hakuwepo.

5. MATUNDA YALICHELEWA

Alirudi ku redio, lakini moyo haukuwepo. Miaka ikapita. Akahamia Arizona, akaanza kuimba tena, na mwaka 1965 kampuni RCA ikampa kontra, akafika Nashville. Kule akakuta mambo yale yale yaliyomshinda Buddy: kampuni inachagua wapigaji, inachagua sauti, kundi lake mwenyewe linaachwa nje ya studio. Akakumbuka. Akashindana nao mpaka mwaka 1972, alipopata kontra mpya yenye kumpa ruhusa ya kurekodi vile anataka. Mwaka 1976 disiki «Wanted! The Outlaws», yake na Willie Nelson na wenzao wengine wawili, ilikuwa ya kwanza ya muziki wa country kupewa cheti cha platini, ndiyo kusema milioni moja.

Mwaka 1978 alirekodi nyimbo za Buddy pamoja na The Crickets wenyewe. Deni la zamani alilipa mbele ya watu.

Tusifiche upande mwingine. Waylon alikamatwa na madawa ya kulevya miaka mingi, akayaacha mwaka 1984. Tena mwaka 1989, na miaka 52, mwenye jina mu Marekani yote, alishika vitabu kutafuta diploma ya sekondari aliyoiacha akiwa na miaka 16. Alifanya hivyo ili mtoto wake aone kwamba masomo ni kitu cha maana. Alikufa tarehe 13 mwezi wa 2, 2002.

6. NA SISI?

Tangu 1980 Buddy anasimama Lubbock katika sanamu, gitare mikononi. Ni heshima nzuri. Lakini mimi naona heshima kubwa zaidi ni mtu aliyemwacha nyuma.

Sisi wa darasa la sita tunapenda wadogo watuogope na watubebee viti. Hiyo si ukubwa. Ukubwa ni kama Buddy: kumpeleka mdogo mpaka mlangoni, kumpa kazi, kumwachia wazo litakalobaki wakati wewe hauko tena. Wimbo mmoja wa kwaya aongoze yeye. Ukurasa mmoja wa gazeti hili aandike yeye. Akikosa, rekebisha pole pole.

Na wadogo nao wachunge ulimi, hata katika mchezo. Ulimi hauna mfupa, lakini tumeona unabebesha mtu mzigo miaka mingi. Tukiagana jioni, tuagane vizuri.

Ni hayo tu.