Kamera bila tokeni ni pambo

Uko Mombasa kazini, nyumba iko Watamu. Umefunga kamera, taa unaziwasha kwa simu, friji imejaa samaki. Halafu tokeni zinaisha. Stima ikizima, waifai nayo inazima, na wewe kwa simu huoni kitu.

Hapa ndipo wengi hushtuka: kununua tokeni hakutoshi. Lazima mtu aingize zile namba 20 kwenye mita. Kwa hivyo, jipange kabla ya safari:

1. Jaza mita mapema. Paybill ya tokeni za Kenya Power ni 888880, na akaunti ni namba ya mita yako. 888888 ni ya wanaolipa bili ya mwezi. Hakiki namba kabla ya kuweka PIN.

2. Mwachie ufunguo jirani au ndugu unayemwamini, umtumie tokeni kwa SMS. PIN usimpe, hata akiwa wa damu.

3. SMS ya tokeni imepotea? Piga *977#.

4. Intaneti ilipie siku moja kabla ya kifurushi kuisha.

5. Ruta iwekee betri ndogo ya akiba, ili stima ikipotea kidogo usikatike.

6. Upepo wa bahari una chumvi. Kioo cha kamera kifute kwa kitambaa laini chenye maji safi, na plagi za nje zikague kama zimeingia kutu.

Yuniti zikibaki chache, nunua leo. Usingoje jirani akupigie kwamba samaki wananuka.