Galana, Meli Yenye Jina la Mto Wetu

Sogea karibu, mpwa wangu. Umesimama pale Mto Kitengela unapoingia Mto Athi, ukauliza, "Haya maji yanaenda wapi?" Swali zuri hilo! Yanaenda mbali. Yanashuka hadi Tsavo, yanakutana na mto mwingine, na kuanzia hapo mto unaitwa Galana. Ukikaribia Malindi unaitwa Sabaki, kisha unaingia Bahari ya Hindi.

Na huko baharini ipo meli yenye jina la mto huo: KNS Galana, ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Iliundwa Uhispania, ikaja kwetu mwaka 1994 pamoja na pacha wake, KNS Tana.

"Mjomba, ni meli ya kupigana?"

Ni meli ya kubeba. Unamjua punda anayepita mtaani Kitengela na mitungi ya maji? Asipopita, hakuna chai, hakuna kufua. Galana ndiye punda wa wanamaji. Hebu tumwache ajieleze.

"Urefu wangu unazidi mita 60. Meli nyingine zinauogopa ufuo, maana zikikwama mchangani zimekwisha. Mimi naufuata. Omo yangu ina lango la chuma. Nikifika ufuoni naliteremsha, polepole, polepole, mpaka liguse mchanga. Lori linatoka kwa magurudumu yake. Singoji gati. Singoji winchi. Nabeba."

"Lakini mjomba, si lori lingepita barabarani?"

Ah, hapo umeuliza kama mtu mzima! Sikiliza. Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia kupambana na wapiganaji wa Al-Shabaab. Mvua ikanyesha. Tope likashika magurudumu, na mtoto wa Kitengela hahitaji kuelezwa tope. Safari ikawa ya kusuasua. Nao walikuwa wanautaka mji wa Kismayu, wenye bandari, na njia ya nchi kavu ilikuwa ndefu na ya hatari.

Basi wakaenda kwa bahari. Ilikuwa usiku wa kuamkia Septemba 28, 2012. Zilikuwepo meli za mizinga. Zilikuwepo pia Galana na Tana, zimebeba. Wanajeshi wakashuka ufuoni, nje ya mji, gizani. Haukupita muda, Al-Shabaab wakauhama mji.

"Galana ilipiga mizinga mingapi?"

Kila mtoto huniuliza hivyo, na simlaumu. Lakini nataka uniulize na haya: maji ya kunywa yalifikaje? Dizeli ilifikaje? Unga, dawa, bandeji? Askari aliyeshuka ufuoni bila maji, jua la Kismayu likimwakia, atapigana kwa saa ngapi? Meli ya mizinga husifiwa siku ya vita. Meli ya mzigo hufanya kazi siku hiyo, na kesho yake, na mwezi ujao, kwa sababu watu hula kila siku. Mimi naipenda kwa hilo.

"Naweza kuiona?"

Ukijaliwa safari, panda treni stesheni ya Athi River hadi Mombasa. Ukivuka Likoni kwa feri, tazama upande wa Mtongwe, kwenye kambi ya wanamaji. Utaona meli za kijivu. Zilizochongoka mbele ni za doria. Wewe tafuta yenye lango usoni. Na usipoiona, ujue imetoka na mzigo.