Taka Zako Zinakwenda Wapi?

Ndugu msomaji, kila asubuhi unafagia uwanja wako. Unakusanya majani, maganda ya muhogo, vichwa vya samaki na makaratasi. Unayaweka pamoja. Kisha mkokoteni au gari la taka linakuja kuyachukua. Uwanja wako unabaki safi.

Lakini je, umewahi kujiuliza taka hizo zinakwenda wapi? Taka hazipotei. Zikitoka kwako zinakwenda mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo pana watu kama wewe. Wana watoto, wana visima, wanapika na wanalala.

Leo tutakueleza habari za wananchi wa Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni. Hao waliletewa taka za jiji zima la Dar es Salaam. Hawakupigana na mtu. Walikwenda mahakamani, na walishinda.

MAMBO YALIANZA TABATA

Zamani taka za Dar es Salaam zilitupwa Tabata. Huko kulikuwa na jaa kubwa. Jaa ni mahali pa kutupa taka. Wengine huita dampo.

Watu waliishi karibu na jaa hilo. Taka zilipochomwa, moshi uliingia majumbani. Nzi walikuwa wengi na harufu ilikuwa mbaya. Wananchi walilalamika. Mwisho wakaishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Mwaka ulikuwa 1988.

Mwaka huo ulikuwa na jambo kubwa. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya nchi yetu mwaka 1984. Lakini wananchi waliweza kuanza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Moja ya haki hizo ni haki ya kuishi. Imo katika ibara ya 14.

Mahakama iliamua kwamba Halmashauri iache kutupa taka Tabata. Iliagiza pia itafute mahali pengine ambapo afya za watu hazitadhurika. Lakini Halmashauri haikuhama upesi. Iliomba muda. Muda ulipokwisha, iliomba tena. Miaka mitatu ikapita.

Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda. Alishangaa kuona chombo cha umma kinakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alisema kufanya hivyo ni kuvunja haki ya kuishi. Haki hiyo si kuvuta pumzi tu. Mtu anayevutishwa moshi wa taka usiku na mchana, maisha yake yamo hatarini.

TAKA ZAHAMIA KUNDUCHI

Tabata walipumua. Lakini jiji liliendelea kuzaa taka kila siku. Magari ya taka yakageuza njia. Yakaelekea kaskazini, kwenye barabara ya Bagamoyo, mpaka Kunduchi Mtongani.

Kunduchi ni mahali pa zamani katika pwani yetu. Ni kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji. Wananchi wa Mtongani walianza kuona yale yale ya Tabata: harufu, nzi na moshi.

Wangeweza kufanya nini? Mtu mmoja akipiga kelele husahauliwa. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi mkazi mmoja na wenzake 794 waliungana. Jumla yao walikuwa watu 795. Walifungua kesi katika Mahakama Kuu mwaka 1991, kesi namba 90.

Hawakusema tu kwamba wanasikia harufu. Walionyesha kwamba sheria imevunjwa. Ramani ya mipango ya jiji ilionyesha kuwa eneo lile ni la makazi ya watu. Tena sheria ya serikali za mitaa za mijini ya mwaka 1982 inaipa halmashauri kazi ya kulinda afya za wananchi. Je, mlinzi wa afya anaweza kuleta ugonjwa?

Mahakama ilikubaliana na wananchi. Ilitoa amri tatu.

Amri ya kwanza ilifuta uamuzi wa kutupa taka Kunduchi Mtongani.

Amri ya pili iliikataza Halmashauri kuendelea kutupa taka hapo.

Amri ya tatu iliitaka Halmashauri itengeneze jaa mahali panapofaa, bila kudhuru watu.

Shika neno hili, ndugu msomaji. Halmashauri ni serikali, lakini nayo iko chini ya sheria.

JE, MAMBO YALIKWISHA?

Hapana. Taka zilihama tena. Katika miaka ya 1990 zilipelekwa Vingunguti. Baadaye zilipelekwa Mtoni, wilayani Temeke. Watu wa Temeke nao wakaonja yale waliyoyaonja watu wa Tabata na Kunduchi. Mwaka 2007 jaa lilihamishiwa Pugu Kinyamwezi.

Unaona jambo hili? Kila mtaa ulioshinda ulipata nafuu, lakini mzigo ulimwangukia jirani. Haki ya watu wa Mtongani ilikuwa haki kweli. Walifanya vema kuidai. Lakini jaa likihamishwa bila taka kupunguzwa, shida imehama tu. Haijaondoka.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kudai haki yako. Kazi ya pili ni kupunguza taka zako.

WALIOANZA KAZI YA PILI

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Halmashauri ya Jiji ilikuwa na magari machache. Taka nyingi hazikuzolewa kabisa. Zilibaki mitaani na kuziba mitaro. Mvua zilipokuja, maji machafu yaliingia majumbani.

Basi kazi ya kuzoa taka ikaanza kugawiwa. Kampuni zilipewa baadhi ya kata. Vikundi vya wananchi navyo vilipewa. Hananasifu, wilayani Kinondoni, kikundi cha akina mama cha KIWODET kilifanya kazi hiyo. Kilipita nyumba kwa nyumba kuzoa taka, na kila nyumba ililipa ada. Mitaa ilipata usafi na akina mama walipata kipato.

Huko Mabwepande, wilayani Kinondoni pia, kimejengwa kiwanda cha mboji. Manispaa ya Kinondoni ilikijenga kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Kiwanda hicho hutumia taka za sokoni, kama mboga zilizooza na maganda. Taka hizo huozeshwa vizuri zikawa mbolea. Kitu kilichokuwa kero kinarudi shambani kuwa chakula.

Wewe pia unaweza. Taka nyingi za nyumbani ni mabaki ya vyakula na maganda. Chimba shimo dogo uani. Tia maganda na majani. Funika kwa udongo kidogo. Nyunyizia maji na geuza mara kwa mara. Baada ya miezi michache utapata mboji ya kutia kwenye mchicha wako. Plastiki, chupa na vyuma weka kando. Kuna watu wanaovinunua.

HAKI YAKO NA WAJIBU WAKO

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo inamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Lakini usianze na mahakama. Anza karibu. Mwone Mwenyekiti wa Mtaa wako au Mtendaji wa Mtaa. Hudhuria Mkutano Mkuu wa Mtaa. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, si wa wakubwa peke yao. Uliza: ada ya taka tunayolipa inatumikaje? Gari la taka linapita siku zipi? Mambo yakishindikana mtaani, mwone Diwani. Yeye ndiye anayepeleka neno lenu katika baraza la madiwani. Andikeni barua, na wekeni nakala. Wengi wakitia sahihi, barua ina nguvu.

Na wewe lipa ada kwa wakati. Usitupe taka mtoni, mtaroni wala ufukweni. Ukitupa mtaroni usiku, mvua itakurudishia mlangoni.

Watu 795 wa Kunduchi Mtongani walijua haki yao, wakasimama pamoja. Jambo hilo usilisahau. Na kesho asubuhi ukishika ufagio, jiulize tena: taka zangu zinakwenda kwa nani?