Karamu ya Valhöll Kinywani mwa Mgeni Mwenye Njaa: Chakula katika Shairi la Grímnismál

Karamu ya Valhöll katika visasili vya Kinorse huelezwa mara nyingi kuwa taswira ya neema isiyokwisha: nguruwe Sæhrímnir hupikwa kila siku, na ifikapo jioni huwa mzima tena. Makala haya yanabainisha kwamba taswira hiyo imeunganishwa kutoka vyanzo viwili, na kwamba kuvichanganya hufifisha dhamira ya kile cha awali.

Chanzo cha kwanza ni shairi la Grímnismál, lililohifadhiwa katika muswada wa Codex Regius wa karne ya 13. Ubeti wa 18 unamtaja mpishi Andhrímnir, sufuria Eldhrímnir na nguruwe Sæhrímnir. Majina yote matatu yana kijenzi -hrímnir, ambacho kwa kawaida huhusishwa na neno la Kinorse cha Kale lenye maana ya masizi. Mpishi, chombo na kitoweo vimefungwa pamoja kwa lugha ya jikoni. Hata hivyo, ubeti huo hausemi kwamba nguruwe hufufuka. Kauli hiyo ni ya chanzo cha pili, yaani Edda ya nathari ya Snorri Sturluson (1179–1241). Kisichokauka katika shairi lenyewe ni kinywaji: kwa mujibu wa ubeti wa 25, mbuzi Heiðrún hula majani ya mti Læraðr na kujaza pipa kwa pombe ya asali.

Je, ikiwa shairi halisisitizi muujiza wa nyama, linasisitiza nini? Jibu limo katika nafsineni. Anayesema ni Óðinn aliyejificha kwa jina la Grímnir, ambaye mfalme Geirröðr amemketisha kati ya mioto miwili kwa siku nane. Katika utangulizi wa nathari, Frigg anamtuhumu mfalme huyo kwa ubahili wa chakula. Msimulizi anaikana tuhuma hiyo, lakini mfalme anaithibitisha kwa matendo yake. Katika ubeti wa 2, mgeni analalamika kwamba hakuna aliyempa chakula isipokuwa Agnarr, mwana wa mfalme.

Kwa hiyo maelezo ya karamu yanatoka kinywani mwa mgeni aliyenyimwa. Ubeti wa 19 unakamilisha ulinganisho: Óðinn huwalisha mbwamwitu Geri na Freki, ambao majina yao yote mawili yana maana ya mlafi, ilhali yeye huishi kwa divai pekee. Mwenyeji wa Valhöll hulisha bila kula. Geirröðr ana mali na hatoi.

Mwisho wa kisa unaafiki usomaji huu. Geirröðr anajikwaa na kuuawa na upanga wake mwenyewe, na Agnarr, aliyempa mgeni pembe ya kinywaji, anarithi ufalme. Shairi likisomwa kupitia Snorri peke yake, karamu hubaki kuwa ajabu ya mbinguni. Likisomwa katika muktadha wake, huwa hukumu juu ya wajibu wa mwenyeji kwa mgeni wake.