Kirai na Kishazi: Nusu ya Sentensi Isitudanganye

Katika Baraka na vijiji vya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, mtu husikia lugha tatu kabla jua halijapanda. Mama huamsha watoto kwa Kibembe, sokoni watu hupatana bei kwa Kiswahili, na shuleni mwalimu huandika ubaoni kwa Kifaransa. Sasa lugha ya nne imebisha hodi, nayo ni Kiingereza. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi ziwa mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka ule ule. Tangu mwaka 2005 maelfu walirudishwa kwa meli mpaka Baraka. Wengine walihamia Marekani na nchi nyingine za mbali. Na mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza ni lugha rasmi. Hivyo barua za Kiingereza huingia katika nyumba ambazo zamani hazikuijua lugha hiyo.

Tuseme baba mmoja apata barua yenye maneno haya: "You will travel when your papers are ready." Asoma maneno matatu ya kwanza: utasafiri. Moyo wamruka kwa furaha, na kesho yake auza mbuzi, sufuria na majembe. Lakini barua haikusema hivyo. Ilisema: utasafiri hati zako zitakapokuwa tayari. Labda ni baada ya mwezi, labda baada ya miaka. Baba huyo alijua kila neno la barua. Alichokosa ni kujua jinsi maneno yanavyofungana. Basi leo twataka kueleza fungo hilo.

Maneno ya Kiingereza hukaa kwa mafungu, na mafungu hayo ni ya namna mbili. La kwanza ni kirai: maneno yanayokaa pamoja, lakini hayana mtenda pamoja na kitenzi chake. "The old fisherman", yaani mvuvi mzee, ni kirai. "In the boat", ndani ya mtumbwi, ni kirai pia. La pili ni kishazi: humo yupo mtenda, na kitenzi chake kipo. "The fisherman came", mvuvi alikuja, ni kishazi.

Tazameni sasa mafungu mawili yanayofanana: "after the rain" na "after the rain stopped". Yote mawili huanza kwa neno moja, "after". La kwanza ni kirai, baada ya mvua. La pili ni kishazi, kwa maana mvua imepata kitenzi chake: ilikoma.

Vishazi navyo si sawa vyote. Kishazi huru husimama peke yake kama mtu mzima. Kishazi tegemezi huegemea kingine, kama mtoto mgongoni mwa mama. "The fisherman came" chasimama. "When the fisherman came" hakisimami. Msikilizaji angoja aambiwe kilichotokea. Neno dogo "when" ndilo lililokifunga. Ndugu za neno hilo ni "if", "because", "until" na "unless". Mkiliona mojawapo likifuatwa na mtenda na kitenzi, jueni kwamba sharti, sababu au wakati umetajwa.

Kwa nini sisi wasemaji wa Kiswahili tunapotea hapa? Kwa sababu lugha yetu huweka mengi ndani ya neno moja. "Alipofika" ni neno moja, lakini ndani yake mna mtenda, wakati uliopita, alama ya kutegemea na tendo lenyewe. Mwingereza ahitaji maneno matatu: "when he arrived". Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "My father he is sick", wakimtaja mtenda mara mbili, kama vile Kiswahili kisemavyo "baba yangu anaumwa", ambapo ile "a" yarudia kumtaja baba. Kiingereza chataka mara moja tu: "My father is sick". Wengine humsahau kabisa, wakaandika "Is raining", na ilipasa kuwa "It is raining".

Uko mtego mwingine. Kiswahili husema "atakapokuja, nitamwambia", na Kifaransa cha shuleni nacho huweka wakati ujao mahali hapo: "quand il viendra". Hivyo kijana wa Fizi husadiki kwamba "when he will come" ni sawa. Sivyo. Kiingereza husema "when he comes, I will tell him". Wakati ujao hukaa katika kishazi huru. Kishazi tegemezi cha "when" hubaki katika wakati uliopo.

Lakini Kifaransa hutusaidia pia. Anayejua tofauti ya "à cause de" na "parce que" amekwisha kujua tofauti ya "because of" na "because". "Because of the wind" ni kirai, kwa sababu ya upepo. "Because the wind was strong" ni kishazi, kwa sababu upepo ulikuwa mkali.

Basi mkipata barua ya Kiingereza, au karatasi ya dawa, shikeni kalamu. Kwanza tafuteni kila kitenzi na kupiga mstari chini yake. Pili ulizeni: nani atenda? Tatu zungushieni duara yale maneno madogo yanayofunga. Karatasi ikisema "Do not take this medicine unless the doctor tells you", asiyejua "unless" hajui kwamba daktari aweza kuruhusu. Na anayeruka "do not" aweza kujidhuru. Mwisho someni sentensi yote mpaka nukta, ndipo mwamue la kufanya.

Nanyi wazazi msiojua Kiingereza, msione haya kumwambia mtoto anayewasomea: "Rudia, mwanangu, je, hakuna 'kama' wala 'mpaka' ndani yake?" Swali hilo moja laweza kuokoa mbuzi na majembe ya nyumba nzima. Wazee walikwisha sema: haraka haraka haina baraka.