Kamera Hukisia, Mpiga Picha Ndiye Anayeamua

Picha nyingi za harusi, mahafali na minada ya korosho zinazopigwa Masasi na Newala zina kasoro moja inayojirudia: anga limeng'aa, shati jeupe limeng'aa, uso wa mwenye shughuli umezama gizani. Lawama huangukia simu kwa kuwa ya bei nafuu, au humwangukia aliyepigwa kwa kuwa mweusi. Zote mbili ni lawama zisizo na haki. Kilichoharibu picha ni makisio. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hupima mwanga unaorudi kutoka mbele yake, kisha huchukulia kwamba kila kilichopo, ukikichanganya pamoja, ni cha kijivu cha kati, kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Mweke mtu mweusi mbele ya anga jeupe la saa tano, kamera itaona weupe umezidi na itapunguza mwanga wa picha nzima, uso ukiwemo. Weka kinyago cha mpingo kwenye meza nyeusi, kamera hiyohiyo itaona weusi umezidi na itaongeza mwanga, hadi mpingo utoke kama mti uliopakwa majivu. Kosa ni lilelile, ila safari hii limeelekea upande wa pili. Ndiyo maana nasema picha bora hupatikana pale mpiga picha anapokataa kuuachia mtambo uamuzi, na hilo halihitaji kamera ya mamilioni.

Ushahidi wa jambo hili upo kwenye uwanda wenyewe wa Makonde. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi na kuelekea Masasi, kisha akakaa Newala na Mahuta. Aliondoka na picha zaidi ya 1,000, pamoja na filamu za ngoma na nyimbo alizozinasa kwa fonografu. Safari kama hiyo isingewezekana miaka 50 kabla. Mfaransa Nicéphore Niépce, mnamo 1826 au 1827, aliacha bamba lililopakwa lami ndani ya kamera kwa saa nyingi ili apate picha moja tu ya mapaa yaliyoonekana dirishani kwake. Ufundi wa Louis Daguerre ulipotangazwa Paris mwaka 1839, muda ulipungua hadi dakika. Vioo vilivyofuata vilipakwa dawa papo hapo na kusafishwa kabla havijakauka, kazi ngumu mno juani. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza namna ya kupaka dawa kwa jelatini, na tangu hapo vioo vikavu vikaweza kubebwa na wapagazi na kutumika hata miezi baadaye. Hata hivyo picha ya kioo bado ilihitaji giza na maji mengi safi, na Newala maji yalikuwa bondeni: wanawake waliteremka ukingo wa uwanda na kupanda tena na mitungi. Kwa vioo vizito, bila skrini ya kuonyesha kosa hapo hapo, Weule alilazimika kujua mwanga kabla ya kufungua lenzi. Simu ya leo imetuondolea mzigo huo wote, lakini ulazima wa kuujua mwanga ungali palepale.

Na mwanga wa huku una tabia zake. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Oktoba na tena Februari ikiwa imepita nusu. Ile ya Oktoba huangukia msimu wa korosho, wakati watu wanapopigwa picha zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Saa sita mchana nyusi hutupa kivuli na macho huwa mashimo mawili meusi. Hakuna kitufe cha kutibu hilo. Tiba ni kumhamisha mtu. Msogeze barazani, uso wake uelekee uani, mgongo uwe ukutani. Jua likipiga ua uliofagiwa, mchanga hurudisha mwanga laini unaopanda hadi usoni na kuingia machoni. Gusa uso kwenye skrini ya simu, na alama ya jua ikitokea, isogeze juu kidogo kama uso bado una giza. Kwa kinyago cha mpingo fanya kinyume, ishushe. Na wazee wenye nembo zilizochanjwa usoni wasipigwe kwa flashi ya mbele, maana huujaza mwanga kila mchanjo na ngozi huonekana tambarare. Mkalishe mzee ubavu kwa mlango au dirisha, mwanga uje kutoka upande mmoja; kila mstari utapata kivuli chake chembamba, na nembo itasomeka kama alivyoichanja fundi.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni ya zamani, simu mpya hutambua uso na kuung'arisha zenyewe. Ni kweli, na ni maendeleo ya kufurahia. Lakini programu huongeza mwanga uliopo, haiumbi usiokuwepo. Ikiuvuta sana uso uliopigwa gizani, chenga hujitokeza na rangi ya ngozi hugeuka. Tena mitambo hii haikuanza kwa kutufikiria sisi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu zake yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilitoka vibaya. Inauma kujua kwamba meza ya mbao ilisikilizwa upesi kuliko uso wa mtu. Sioni sababu ya kuuamini mtambo wowote kwa asilimia mia juu ya sura zetu.

Pingamizi zito zaidi linamhusu Weule mwenyewe. Misheni ya Masasi ilichomwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, na yeye alifika mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ikiwa na bunduki mkononi. Waliosimama mbele ya lenzi yake walikuwa na nafasi gani ya kukataa? Finyu sana, naamini, na sitaki mtu aige tabia hiyo. Lakini dosari ya kazi yake inaitia nguvu hoja yangu. Katika kitabu chake cha 1908 Matola, mkuu wa Chingulungulu, anatajwa kwa jina, ilhali wanawake wengi wameandikiwa kabila tu. Hapo mpiga picha naye alikisia kama kipimo cha mwanga: alimchukua mtu mmoja akamfanya wastani wa wote. Wajukuu wanaoweza kumtambua bibi yao katika picha hizo hawana pa kuanzia.

Kwa hiyo ombi la ruhusa na jina la mtu vihesabiwe kuwa sehemu ya ufundi, sawa na kuchagua baraza. Bibi akisema hataki, simu irudi mfukoni. Akikubali, andika jina lake kama anavyolitamka mwenyewe, kijiji, mwaka na aliyemchanja kama anamkumbuka, kisha umpelekee nakala iliyochapishwa, kwa kuwa simu huibwa na kuzama maji. Kizazi chenye nembo kinapungua Newala kila mwaka, na kazi hii inafaa ianze msimu huu, asubuhi kabla ya saa mbili au jioni kuanzia saa kumi na nusu.